Urejelezaji wa taka: je, upendo kwa jirani unahitaji sheria?

Leo ukitoka ibadani na kupitia dukani kununua sukari au mkate, yaelekea muuzaji atakutilia bidhaa zako kwenye mfuko wa karatasi wa rangi ya kaki. Huenda karatasi hiyo imetoka Mgololo, wilayani Mufindi, kwenye kile kiwanda kilichoanza uzalishaji mwaka 1985 kwa jina la Southern Paper Mills, kikiwa kimesanifiwa kutoa tani 60,000 za karatasi kwa mwaka. Kilisimama kwa miaka kadhaa, kikabinafsishwa mwaka 2004, na leo kinaitwa Mufindi Paper Mills. Malighafi yake ni mipaina na milingoti, miti iliyosimama shambani miaka mingi kabla ya kukatwa.

Mfuko huo ukiufikisha nyumbani, kazi yake imekwisha. Jioni utatupwa shimoni nyuma ya jiko pamoja na chupa ya maji, maganda ya viazi, betri za tochi na mfuko wa maziwa, kisha mtu atawasha kiberiti. Ndivyo wengi wetu tunavyomalizana na taka, kuanzia Mgololo na Mafinga hadi Iringa na Mbeya.

Swali la leo ni hili: je, sheria ituamuru kutenganisha taka na kuzirejeleza, au jambo hili liachwe kwenye dhamiri ya kila mtu? Wapo waumini wema wanaosema liachwe kwenye dhamiri. Hoja yao ina uzito. Wanasema upendo wa kulazimishwa si upendo, na kwamba kazi ya Kanisa ni kubadili mioyo. Wanaongeza kuwa watu wetu wana mzigo wa kutosha wa ushuru, michango na faini, na sasa tusiwaongezee faini ya takataka.

Tuanze na Maandiko. Ukisoma Torati kwa utulivu utaona kwamba Mungu hakuwaachia Waisraeli mambo ya namna hii wajiamulie. Katika Kumbukumbu la Torati 22:8, mtu anayejenga nyumba mpya anaamriwa kuzungushia paa lake ukingo, asije mtu akaanguka na damu yake ikawa juu ya nyumba hiyo. Katika Kutoka 21:33-34, aliyechimba shimo akaliacha wazi anamlipa mwenye ng'ombe aliyetumbukia humo. Kutoka 22:6 inasema juu ya moto uliowashwa ukashika miiba na kuteketeza nafaka ya mwingine: aliyeuwasha ndiye atakayelipa. Na Kumbukumbu la Torati 23:12-13 inaagiza watu watoke nje ya kambi kwa haja zao, wakiwa na chombo cha kuchimbia, na wafukie kinachowatoka.

Tazama mambo yaliyowekewa amri hapo: paa, shimo, moto na uchafu. Mungu hakusubiri kila Mwisraeli awe na moyo mwema ndipo watoto waache kuanguka kutoka darini. Aliweka sheria, kwa sababu mtoto anayeanguka hawezi kungoja moyo wa mwenye nyumba ubadilike. Sheria ya ukingo haikukusudiwa kumfundisha mwenye nyumba kupenda. Ilikusudiwa kumlinda jirani hata pale upendo ulipopungua. Mtume Paulo naye, katika Warumi 13:10, anatufundisha kuupima upendo kwa kuangalia kama jirani anapata ubaya kutoka kwetu.

Basi tujiulize kama taka zetu zinampatia jirani ubaya. Watu wa Mufindi wanajua jibu. Familia nyingi huko zimepanda miti, eka moja au tano, na miti hiyo ndiyo akiba yao: ndiyo ada ya mtoto na bati za nyumba. Kipindi cha kiangazi, nyasi zikiwa zimekauka, moto mdogo wa takataka ukishikwa na upepo unaweza kuvuka mpaka na kumaliza miaka kumi ya jasho la mwingine kwa mchana mmoja. Hapo Kutoka 22:6 inasomeka kama iliandikwa kwa ajili ya Nyanda za Juu Kusini. Moshi wa plastiki nao anauvuta mtoto wa nyumba ya pili, na chupa iliyotupwa mtaroni inaziba maji yanayoingia kwa mtu mwingine kabisa.

Kiwanda cha Mgololo kina somo hapa. Viwanda vya karatasi vya aina yake huchemsha vipande vya mbao kwa dawa kali ili nyuzi za mti ziachane. Baada ya hapo hubaki maji meusi, yenye dawa pamoja na utomvu wa mti. Maji hayo hayamwagwi hivi hivi. Hukolezwa, yakachomwa kwenye tanuri maalumu, yakatoa mvuke wa kuendesha mitambo, na dawa ikakusanywa ili itumike tena. Viwanda hufanya hivyo kwa sababu dawa ni ghali, na kuimwaga ni hasara ya mwenye kiwanda mwenyewe.

Jambo hilohilo utaliona dukani. Chupa ya soda ya kioo huikuti imezagaa mtaani, maana muuzaji anadai chupa yake, na usipokuwa na chupa unaacha hela. Chupa ya maji ya plastiki, inayouzwa duka hilohilo, imejaa kila mtaro. Watu ni walewale na malezi yao ni yaleyale. Kinachotofautiana ni kwamba ukipoteza ya kioo hasara ni yako, na ukitupa ya plastiki hasara inakwenda kwa mwingine.

Ndiyo maana naamini sheria inahitajika. Pale hasara inapomrudia mwenyewe, mtu hurejeleza bila kuambiwa. Pale inapomwangukia jirani, mahubiri peke yake hayajatosha, na hatuna sababu ya kudhani kwamba mwakani yatatosha.

Ushahidi tunao hapahapa nchini. Kwa miaka mingi tulihubiriwa juu ya mifuko ya rambo. Ilizagaa, iliziba mitaro, na ng'ombe na mbuzi waliimeza. Tarehe 1 Juni 2019 marufuku ikaanza kutumika Tanzania Bara, na muda si mrefu watu wakarudi kwenye vikapu na mifuko ya karatasi. Kumbuka pia jinsi adhabu zilivyopangwa. Aliyekutwa na mfuko alikabiliwa na faini ya kati ya Sh30,000 na Sh200,000 au kifungo cha siku saba, lakini faini ya mzalishaji iliweza kufika Sh1 bilioni. Mwenye nguvu aliwekewa mzigo mkubwa zaidi. Kazi haikuisha, kwani vifungashio vyembamba vya plastiki viliingia sokoni vikatumika kama vibebeo. Lakini hakuna anayeweza kusema kwamba sheria ile haikubadili kitu.

Huenda ukauliza, mbona sheria ya taka ipo? Ni kweli. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazitaka serikali za mitaa kuweka utaratibu wa taka za aina mbalimbali kutenganishwa pale zinapozalishwa. Imepita miaka zaidi ya ishirini. Jiulize, katika mtaa au kijiji chako, ni lini uliona mapipa mawili, moja la taka zinazooza na jingine la zisizooza? Na mwananchi anayetenganisha taka zake asubuhi, kisha akaona zote zinatupiwa kwenye gari moja, ataendelea kwa siku ngapi?

Hapa ndipo wasiwasi wa wale ndugu wanaoogopa faini unapostahili kusikilizwa. Sheria ikianza na mama ntilie, mgambo wakimdai faini ilhali halmashauri haijamwekea pipa wala gari, hiyo si haki. Manabii walikemea mizigo ya namna hiyo, na Bwana wetu mwenyewe aliwakemea walimu wa sheria waliowatwika watu mizigo mizito bila wao kuigusa hata kwa kidole (Luka 11:46).

Kwa hiyo sheria tunayoihitaji iwe na mpangilio. Ianze na anayetengeneza na kuuza chupa na vifungashio, awajibike kuvikusanya vikishatumika. Ujerumani waliweka agizo la vifungashio la namna hiyo mwaka 1991, na jirani zetu wa Kenya wameliingiza wajibu huo wa mzalishaji katika sheria yao ya usimamizi wa taka ya mwaka 2022. Kama chupa ya soda ya kioo ina hela yake, kwa nini ya plastiki isiwekewe japo kidogo? Baada ya mzalishaji ifuate halmashauri: iweke mapipa, gari na mahali pa kupokelea. Mwananchi wa kawaida adaiwe baada ya hao wawili kutimiza sehemu yao.

Tena sheria iangalie mazingira. Mgololo si Kariakoo. Boksi lililochakaa au mabaki ya mboga hayana haja ya kusafirishwa mamia ya kilomita. Yakifukiwa shambani yanakuwa mboji. Plastiki, chuma, kioo na betri haviozi kwa namna hiyo, na hivyo ndivyo vinavyohitaji utaratibu wa kukusanywa na kusafirishwa. Tatizo ni kwamba chupa tupu ni nyepesi na hujaza gari upesi, hivyo nauli humaliza faida ya mnunuzi. Mtu wa pembezoni hatapata mnunuzi mpaka anayeleta chupa zikiwa zimejaa abanwe kuzirudisha zikiwa tupu.

Kuna kundi jingine ambalo sheria isilisahau. Katika Walawi 19:9-10 Mungu aliwaamuru wenye mashamba wasivune mpaka pembezoni wala kurudia masazo, ili maskini na mgeni wapate. Ni kwa sheria hiyo Ruthu, mjane na mgeni, alipata chakula, na kutoka kwake akaja Daudi. Leo waokotaji wa masazo ni wale vijana na akina mama wenye viroba mgongoni wanaookota chupa, maboksi na vyuma chakavu. Wanafanya urejelezaji kila siku, tena kwa mikono mitupu, na sisi mara nyingi tunawaita wezi na kuwafukuza mlangoni. Sheria ikija na wazabuni wakubwa ikawanyang'anya watu hawa riziki, itakuwa imevunja Walawi. Iwatambue, iwape glovu na mahali pa kuuzia, na taka zilizotenganishwa ziwafikie zikiwa safi.

Nalo Kanisa lifanye nini? Mwaka 2015 Papa Fransisko aliandika katika waraka wake Laudato Si' kwamba karatasi nyingi tunazotengeneza hutupwa bila kurejelezwa. Neno hilo linatuhusu sote, Wakatoliki, Waluteri, Waanglikana na Wamoravian, maana uwanja wa kanisa baada ya harusi au harambee hauoneshi tofauti ya madhehebu: chupa za maji na sahani za plastiki zimelala kila mahali, na jioni mlinzi anaambiwa achome. Tukiwa tunaomba sheria iwabane wengine, uwanja wetu uwe wa kwanza kutii. Viroba viwili kwenye kona ya kanisa, kimoja cha chupa na kimoja cha makopo, havihitaji kibali cha askofu. Jumuiya inaweza kuvisimamia kwa zamu, na kinachopatikana akapewa yule kijana anayeokota.

Jambo la pili ni kusema mahali panapostahili. Mkutano mkuu wa kijiji unapaswa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu, na kijiji kina uwezo wa kupendekeza sheria ndogo zikaidhinishwe na halmashauri. Wakristo wengi hatuendi kwenye mikutano hiyo, kisha tunalalamika kwamba sheria zinaletwa kutoka juu. Nenda. Uliza mapipa yako wapi. Omba uchomaji wa taka wakati wa kiangazi uwekewe utaratibu kabla shamba la mtu halijaungua. Muulize diwani kama bajeti ya mwaka huu ina gari la taka.

Nimalizie na Injili. Yohana 6:12 inatuambia kwamba watu walipokwisha kushiba, Bwana aliwaagiza wanafunzi wakusanye vipande vilivyobaki, kisipotee chochote. Aliyesema hivyo ndiye aliyekuwa ametoka kulisha maelfu kwa mikate mitano. Hakuwa na upungufu. Na agizo hakulitoa kwa mzaha wala kwa hiari ya anayetaka. Wanafunzi waliinama nyasini, wakakusanya, wakajaza vikapu kumi na viwili.

Sisi tumekula, tumekunywa, tumeshiba, na vipande vyetu viko mtaroni na kwenye shimo la nyuma ya jiko. Bwana atupe moyo wa kuviokota bila kusukumwa, na pale moyo unapokuwa mzito, atupe sheria ya haki itakayomlinda jirani yetu. Dominika njema.