Binadamu Yupi? Dhidi ya Tahakiki ya "Mtu Aliyegeuka Mungu"

Imekuwa ada katika tahakiki ya riwaya mpya ya Kiswahili kudai kwamba sayansi imemkweza binadamu hadi kwenye kiti cha Muumba. Hutajwa kondoo Dolly, aliyezaliwa Scotland mwaka 1996. Siku hizi huongezwa He Jiankui, mwanasayansi wa China aliyetangaza Novemba 2018 kwamba watoto pacha wamezaliwa baada ya yeye kuhariri jeni zao ili wasiambukizwe virusi vya UKIMWI. Kutoka hapo mhakiki huruka hadi kwenye hitimisho: binadamu ameutwaa uwezo juu ya uhai na mauti, na fasihi haina budi ama kuliomboleza jambo hilo ama kulishangilia. Hoja hii ni dhaifu, na udhaifu wake hauko katika sayansi bali katika kiima cha sentensi.

Ni nani hasa ameweza? Neno binadamu hudai kusema kwa niaba ya wote, na aghalabu huwaficha wachache. (Wala si neno la kujitukuza: mwana wa Adamu ni kiumbe kwa nasaba yake.) K.W. Wamitila alipoiita riwaya yake Bina-Adamu! mwaka 2002 alilikata neno hilo kwa kistari, na nguvu inayoutawala ulimwengu wa riwaya hiyo haiitwi binadamu, inaitwa P.P. Wanaoisoma kama kilio cha mtu aliyejifanya mungu wamekiruka kistari. Hata katika Al-Inkishafi, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir hahubirii binadamu wa jumla. Huusemesha moyo wake na kuuonyesha majumba ya mabwana wa Pate. Ukuu una anwani.

Anwani ya mjadala huu iko karibu mno na madarasa ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Katika mtaa wa Majengo, Pumwani, tangu miaka ya 1980 watafiti wa chuo hicho na wenzao wa Chuo Kikuu cha Manitoba, Kanada, waliwapima na kuwatibu wanawake walioishi kwa kuuza miili yao. Wakagundua, na mwaka 1996 wakachapisha, kwamba baadhi yao hawakuambukizwa ingawa walikabiliwa na virusi mwaka baada ya mwaka. Hakuna aliyewahariri jeni. Hata ile hitilafu ya jeni ambayo He Jiankui alijaribu kuiiga haikuwa ndiyo siri yao. Tena kinga yenyewe haikuwa ya kudumu: wapo walioipunguza kazi hiyo kwa muda, nao wakaja kuambukizwa. Kutokana na yaliyoonekana katika damu yao, wanasayansi wa Oxford na Nairobi walibuni chanjo iliyoanza kujaribiwa Nairobi mwaka 2001. Haikuleta kinga iliyotarajiwa. Na hata kabla ya jaribio hilo, mwaka 2000, ulizuka ugomvi wa hataza, kwa kuwa ombi lilikuwa limewasilishwa Uingereza bila Wanairobi, hadi yakafanyika mapatano. Katika ugomvi huo wenye damu hawakuwa upande wowote. Muumba anayejulikana katika tenzi za Waswahili huumba pasipo kitu. Huyu wa maabara huanza kwa kuomba damu Majengo, kisha akashtakiana na wenzake kuhusu umiliki.

Kutawazwa huku si kugeni Nairobi. Mwaka 1990 Rais Moi aliitangazia dunia Kemron, dawa iliyotokana na utafiti wa KEMRI. Majaribio ya baadaye hayakuuthibitisha ufanisi uliodaiwa.

Yamkini mpinzani atajibu kwamba dawa za kufubaza virusi zimeweza kweli. Zimeweza, na hapo ndipo hoja yake inapovunjika kabisa. Mseto wa dawa hizo ulithibitika mwaka 1996. Kenya ilitangaza UKIMWI kuwa janga la kitaifa Novemba 1999, na ni mwaka 2006 ndipo zilipotolewa bila malipo katika hospitali za umma. Kwa takriban miaka kumi uwezo wa kuahirisha mauti ulikuwepo duniani, ilhali Kaloleni, Makongeni, Jericho na Dandora matanga yaliendelea kuandaliwa na michango ya mazishi kupitishwa nyumba kwa nyumba. Binadamu alikuwa na uwezo. Mkazi wa Dandora, ambaye naye ni binadamu, hakuwa na bei yake. Mhakiki anayeandika "binadamu amekuwa mungu" kuhusu miaka hiyo anamwondoa mkazi huyo katika jinsi ya watu, naye hata hajui kwamba amefanya hivyo.

Wala isidhaniwe kwamba mwaka 2006 uliifunga hoja hii. Sehemu kubwa ya gharama iliendelea kubebwa na wafadhili wa nje, hususan mpango wa Marekani ulioanza mwaka 2003. Januari 2025 amri iliyotiwa saini Washington ilisimamisha misaada. Huduma za UKIMWI nchini Kenya zikavurugika, na wagonjwa wakaanza kuhesabu vidonge vilivyobaki chupani. Vidonge vyenyewe vilikuwa vilevile, na sayansi iliyovitengeneza haikuwa imepungua hata chembe.