Chandarua kikichanika tununue wapi?

Ndugu mwandishi, habari ya vyandarua vya bure umeieleza vizuri, ila umeiruka Hati Punguzo, na hapo ndipo penye somo. Kuanzia 2004 mama mjamzito Tanzania alipewa hati kliniki, akaenda nayo dukani, akaongeza pesa kidogo, akatoka na chandarua. Muuza duka wa kijijini akawa na sababu ya kuagiza mzigo. Mpango ule ulifungwa 2014. Kabla haujafungwa zilishaanza kampeni za kugawa bure, na wala sizilaumu, maana asiye na kitu hawezi kungoja soko limkumbuke. Lakini ni mwenye duka gani atafungia mtaji wake kwenye bidhaa ambayo wiki ijayo lori litaigawa bure?

Leo ingia duka lolote la mtaani. Dawa ya mbu ya kuchoma ipo, ya kupuliza ipo, ya kujipaka ipo. Chandarua ukikikuta, mara nyingi ni kile cha duara cha kupendezesha kitanda, dawa hakina. Na hii ni nchi yenye kiwanda cha A to Z pale Arusha, kinachotoa vyandarua vyenye dawa kwa mamilioni! Wateja wake wakubwa ni serikali na wafadhili, sio mimi na wewe.

Wizara ikae na kiwanda, sehemu ya mzigo ipelekwe maduka ya rejareja kwa bei nafuu. Kampeni haiji kila mwaka, na panya hawaisubiri.