Je, Tuamini Utabiri wa Watabiri wa Kale?

Swali ninalotaka kulijadili limeleta kelele nyingi katika chama chetu cha Kiswahili. Kuna wanaosema kwamba watabiri wa zamani waliona mbele na kila neno lao ni lazima litimie. Wengine wanasema zote hizo ni porojo tu. Mimi sikubaliani na upande wowote, na nitaeleza sababu zangu.

Kwanza tuelewane. Sizungumzii Mitume na Manabii tuliosomeshwa madrasa. Hao ni jambo la imani, na imani haiwekwi kwenye mizani ya mdahalo wa shule. Nazungumzia watu kama Mugo wa Kibiru wa Wakikuyu, Syokimau wa Wakamba na wale viongozi wa Wanandi walioitwa Orkoiyot. Inasimuliwa kwamba walitabiri kuja kwa watu weupe pamoja na nyoka wa chuma atakayetambaa kutoka baharini. Na kweli, reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka wa 1896 ikafika Kisumu mwaka wa 1901. Basi wenzangu hupiga makofi na kusema, "Unaona? Lisemwalo lipo, na kama halipo laja!"

Polepole, jamani. Utabiri wa Mugo uliandikwa na Jomo Kenyatta katika kitabu chake, Facing Mount Kenya, kilichotoka mwaka wa 1938. Wakati huo reli ilikuwa imeshafika Nairobi kwa karibu miaka 40. Sisemi kwamba Kenyatta alidanganya, la hasha! Nasema tu kwamba hadithi ikipita midomo mingi huongezwa chumvi. Tena maneno yaliyotimia hukumbukwa, na yale yasiyotimia husahaulika. Mtu akirusha mawe kumi gizani na moja likagonga debe, sote tutasikia lile moja. Yale tisa nani atayahesabu?

Jambo la pili ni hili. Zamani sana kabla ya reli, misafara ya Wakamba ilikuwa ikipeleka pembe za ndovu pwani. Huko watu waliona meli, bunduki na wageni, na wakarudi nyumbani na habari. Huko India treni ilianza kubeba abiria mwaka wa 1853. Mtu mwenye akili akizikusanya habari kama hizo anaweza kusema, "Hawa watafika hapa kwetu siku moja." Huo si uchawi. Dalili ya mvua ni mawingu.

Hata sisi Wasomali tunaye Sayyid Mohamed Abdille Hassan, aliyefariki mwaka wa 1920. Katika shairi lake la wosia, Dardaaran, aliwaonya watu wake juu ya hila za mkoloni. Wako wanaomwita mtabiri kwa sababu hiyo. Lakini yeye alipigana na Waingereza kwa miaka 20 hivi. Ukipigana na mtu muda wote huo utamjua tabia, hata bila kuota ndoto. Kwa hiyo mimi namheshimu kwa kuwa alitumia macho yake.

Sasa nije kwenye hatari yenyewe. Mwaka wa 1856 huko Afrika Kusini, msichana wa Kixhosa aliyeitwa Nongqawuse, mwenye umri kama wetu, alisema mizimu imeagiza watu wachinje ng'ombe wote na wasilime, kisha wafu watafufuka na mifugo mipya itatokea. Watu wakachinja. Ng'ombe kama laki 4 waliangamia, na makumi ya maelfu ya watu wakafa njaa. Hebu fikiri, wewe mtoto wa mfugaji, zizi zima limekwisha kwa ajili ya neno la mtu mmoja! Tanganyika nako, mwaka wa 1905, Kinjikitile Ngwale aliwapa watu maji akisema yatazuia risasi za Wajerumani. Ni kweli aliunganisha makabila mengi dhidi ya dhuluma, na hilo ni jambo kubwa. Lakini risasi hazikugeuka maji. Na msidhani ni mambo ya kale tu. Mwaka wa 2023 mamia ya maiti zilifukuliwa katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, na kesi iliyofikishwa mahakamani ilihusu wafuasi walioambiwa wajinyime chakula ili wafike mbinguni.

Hapa Wajir utabiri wetu mkubwa ni wa mvua. Wako wazee wanaotazama nyota, na wako Waborana wanaosoma matumbo ya mbuzi. Mimi siwadharau wazee. Mzee aliyehesabu misimu ya Gu na Deyr tangu ujana wake ana elimu, tena akiulizwa husema, "Allah ndiye ajuaye." Ninayemwogopa ni yule anayesema mvua itanyesha siku fulani, msiuze hata mbuzi mmoja, na ukimwuliza sababu anakukasirikia. Tangu mwisho wa 2020 hadi mwanzo wa 2023 misimu mitano ilipita bila mvua ya kutosha, na Kenya ikapoteza mifugo zaidi ya milioni 2. Aliyeuza mbuzi wachache mapema alipata pesa za maji na unga. Aliyengoja alibaki na mizoga.

Mtanijibu kwamba hata wataalamu wa hali ya hewa hukosea. Ndiyo, hukosea. Oktoba 2023 tuliambiwa tusiogope El Niño, na Novemba mafuriko yakakata barabara ya Madogo na Garissa. Lakini mtaalamu huonyesha hesabu zake, na mtu mwingine anaweza kuzikagua na kuzisahihisha. Maneno ya mtabiri nani atayakagua?

Kwa maoni yangu, tuyahifadhi maneno ya watabiri wa kale kama historia. Yanatufundisha jinsi wazee wetu walivyoyaona mabadiliko yakija na jinsi walivyoogopa. Lakini mtu akikuambia uchinje, uuze, ufunge kula au umchukie jirani kwa sababu mtabiri fulani alisema, mwulize maneno hayo yaliandikwa lini, aliyasikia kwa nani, na hasara itakuwa ya nani yasipotimia. Akishindwa kujibu, shika kamba ya mbuzi wako uende zako.

Ni mimi mwanachama mwenzenu,
Kidato cha Tatu.