Zamu Isiyo ya Usiku

Katika mji wa Amsterdam, nchini Uholanzi, pana jumba la makumbusho liitwalo Rijksmuseum. Vyumba vyake vimejaa picha za thamani, lakini wageni wengi huingia humo wakiwa wamekwisha kunuia picha moja. Ni picha kubwa: kimo chake kinazidi mita tatu na nusu, na upana wake mita nne. Aliichora Rembrandt van Rijn, akaikamilisha mwaka 1642.

Picha hiyo yaonyesha mgambo wa mji wakijiandaa kutoka. Mbele yupo Kapteni Frans Banninck Cocq, mwenye mavazi meusi na mshipi mwekundu, amenyosha mkono akitoa amri. Ubavuni pake yupo Luteni Willem van Ruytenburch, aliyevaa manjano. Nyuma yao mmoja anajaza baruti katika bunduki, wa pili anafyatua, wa tatu anapuliza mabaki ya baruti. Katikati yao yupo binti mdogo aliyemulikwa na nuru, kuku akining'inia kiunoni pake. Askari yeyote atakayeitazama ataitambua saa ile ambayo amri imekwisha kutamkwa, na safu bado haijakaa sawa.

Kwa miaka mingi picha hiyo imeitwa Zamu ya Usiku. Jina hilo hakulitoa Rembrandt, wala si la kweli. Vanishi iliyopakwa juu yake ilifanya weusi, uchafu ukaongezeka, na watu wakadhani ni giza la usiku. Iliposafishwa baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, mchana ulidhihirika. Na ushahidi ulikuwa mbele ya macho siku zote: kivuli cha mkono wa kapteni kimelala juu ya vazi la luteni, kama kivuli kiangukavyo juani.

Picha hiyo imepatwa na mengi. Mwaka 1715 ilikatwa pande zote ipate kuenea ukutani, na vipande vikubwa vilivyokatwa havikuonekana tena. Wakati wa vita ilivingirishwa kama mkeka, na hatimaye ikafichwa katika mapango karibu na Maastricht. Mwaka 1975 mtu mmoja aliichana kwa kisu. Mwaka 1990 mwingine aliirushia asidi. Walinzi waliwahi, maji yakamwagwa upesi, na asidi haikupenya zaidi ya vanishi. Hivyo picha ya walinzi nayo imedumu kwa sababu ya walinzi.

Mzazi awapelekaye watoto makumbusho, popote pale, asiwakimbize chumba hadi chumba. Awasimamishe mbele ya picha moja, mikono nyuma, kisha awaulize: nuru yatoka upande gani, na kivuli kimeangukia wapi? Jina lililoandikwa kando ya picha na lisomwe baadaye.