Mtoto na Sauti ya Dalali

Katika hesabu za shuleni bei hutolewa: chungwa moja ni shilingi 200, Juma ana shilingi 1,000, je, atanunua machungwa mangapi? Mnadani bei haipo. Huzaliwa papo hapo, wanunuzi wawili wakishindana, nayo sauti ya dalali (ndivyo aitwavyo sokoni mwenye kunadi) huichochea tamaa yao.

Kwa hiyo nawasihi wazazi wasiwaache watoto nyumbani. Katika soko la samaki la Feri, Dar es Salaam, mtoto na amtazame mkaanga samaki. Huyo anajua atauza vipande vingapi, mafuta na kuni vitamgharimu kiasi gani, na faida ipi itawalisha wanawe. Dau likipita hapo hunyamaza, hata kama fungu linang'aa kwa uzuri. Kunyamaza huko ni hesabu isiyomo vitabuni.

Kabla ya kuondoka, mtoto aulizwe: tukizidisha shilingi 2,000 kwenye samaki, unga wa kesho utatoka wapi? Kisha akabidhiwe fedha, atamke bei mwenyewe, na akirudi na kikapu kitupu asikaripiwe. Jioni hiyo familia itakula mchicha.