Pambo jipya liitwe jipya

Nenda Diani msimu wa wageni, usimame karibu na meza yoyote ya mapambo, usikilize. Kila ushanga ni wa kale. Kila bangili ilivaliwa na binti wa sultani. Mfupa wa ng'ombe uliochemshwa kwa majani ya chai hadi ukapiga manjano unapewa jina ambalo muuzaji hulitamka kwa kunong'ona, na kipande cha plastiki chenye rangi ya asali kinaitwa kaharabu. Mimi ni mmoja wa watu wa meza hizo. Mapambo nayatengenezea nyumbani Vanga, nayapandisha matatu hadi Ukunda na Diani, na chakula cha watoto wangu kinatoka humo. Ninaposema kwamba uongo huu unatuumiza sisi mafundi kabla ya kumuumiza mgeni, nasema kwa kuyajua ya ndani.

Uzee wa bandia hata kiwanda kinaweza kuutengeneza, tena kwa haraka na kwa bei ambayo mimi siiwezi. Shanga zilizochakazwa kwa dawa huja kwa magunia. Tukikubali kwamba thamani ya kidani ni ukuukuu wake tu, basi tumekubali kushindana na magunia hayo, na tutashindwa. Kitu ambacho kiwanda hakina ni chimbuko linalojulikana: pambo hili lilitengenezwa Vanga, na mtu mwenye jina, kwa vitu ambavyo anaweza kukuambia kimoja kimoja alivipata wapi. Hiyo ndiyo bidhaa yetu. Nasi wenyewe tunaitupa ili tuuze hadithi.

Tena hadithi za kubuni ni hafifu kuliko kweli zenyewe. Chukua sarafu za tundu, zile ambazo wazee wetu walizijua kwa ndururu na senti kumi. Zilitolewa na Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki iliyoundwa 1919, shilingi yake ikaanza kutumika 1921, na zikaendelea kushikwa mikononi mwa watu hata baada ya Kenya kuanza kutoa pesa zake yenyewe mwaka 1966. Ni za shaba, zina tundu katikati, na pembe za ndovu zimepinda kulizunguka tundu hilo. Nyanya yangu mzaa mama alikuwa nazo mkebe mzima, amezitunga kwa uzi wa kuvulia. Nyingine nazinunua kwa wazee wa Vanga na wa kijiji cha Jimbo, na wakati mwingine kwa wachuuzi wanaovuka kutoka upande wa Tanga, kwa kuwa pesa hiyo haikujua mpaka wa Lunga Lunga.

Za mwaka 1936 ndizo zinazonisisimua zaidi. Baadhi yake zimeandikwa jina la Edward wa Nane. Mfalme huyo wa Uingereza alishika ufalme Januari 1936, akajiuzulu Desemba mwaka huo huo kabla hata hajavikwa taji. Kwao Uingereza, pesa zenye sura yake hazikupata kuingia sokoni. Lakini sarafu zetu hazikuwa na sura ya mtu, kwa sababu pale ambapo uso ungekaa pana tundu. Jina lilitosha. Zikapigwa kwa jina lake, zikasafirishwa, zikatumika. Yule ambaye Waingereza hawakumwona kwenye pesa zao, jina lake lilinunulia samaki na mihogo huku kwetu. Sasa niambie, nina haja gani ya kumwambia mteja kwamba herini ninazozitengeneza kwa sarafu hizo zilikuwa za malkia? Namwambia haya ninayokuambia wewe, namwonyesha maandishi kwa kioo cha kukuzia, na namwambia pia kwamba sarafu hizo zipo nyingi, si adimu, na ndiyo maana bei yake si kubwa. Wengi huondoka nazo.

Sarafu siipigi msasa. Naiosha kwa maji na sabuni, naisugua kwa kitambaa, na ule weusi-weusi wa kahawia uliokomaa nauacha, kwa sababu huo ndio alama ya mikono iliyoishika. Anayeisugua kwa ndimu na chumvi hadi ing'ae ameifuta miaka yote ile. Ndoano ya sikioni naiweka ya fedha, kwani zile za bei rahisi zenye nikeli huwatoa watu vipele. Kisha naandika kikaratasi: sarafu ni senti 10 za Afrika Mashariki, mwaka 1936, ndoano ni fedha mpya, kinachoning'inia chini ni kifuu cha nazi ya Vanga, kipya, na jina langu.

Tarehe nayo haitoshi kusomwa tu. Riale, ile sarafu kubwa ya fedha yenye sura ya Maria Theresa wa Austria, imeandikwa 1780. Zote zimeandikwa 1780, kwa sababu mwaka huo ndio aliofariki, na baada ya hapo ziliendelea kupigwa kwa tarehe hiyo hiyo, Vienna, Roma, London, Bombay na kwingineko, hadi karne ya 20. Wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu, Arabuni na pwani yetu waliiamini kwa sura na uzito wake: gramu 28 na kidogo, na zaidi ya asilimia 83 yake ni fedha safi. Masonara waliiyeyusha wakafanyia vikuku, na wengine waliitia kipete wakaiacha ining'inie ilivyo. Muuzaji anayemwonyesha mgeni namba 1780 na kumwapia kwamba sarafu ina zaidi ya karne mbili huenda ameshika kitu kilichopigwa juzi juzi, enzi za babu yake. Mimi kwenye kikaratasi naandika kwamba 1780 ni tarehe iliyochorwa, na mwaka wa kupigwa haujulikani. Inapendeza vilevile.

Kaharabu nayo inaniuma kwa namna nyingine, kwa kuwa tunacho chetu. Pwani hii huota msandarusi, na utomvu wake ukikaa ardhini miaka mingi huganda ukawa sandarusi: ya manjano, angavu, nyepesi mkononi, na mara nyingine mdudu mzima amenaswa ndani. Karne ya 19 ilichimbwa kwa wingi katika Mrima, ikapitia Zanzibar, ikapakiwa katika merikebu za Marekani zilizotoka Salem, Massachusetts, ikaenda kuyeyushwa kuwa vanishi. Huo ni utajiri wa kusimulia. Badala yake, mtu akipata kipande cha sandarusi hukiita kaharabu, na asiyepata huchukua plastiki akaiita jina hilo hilo. Kuvitofautisha hakuhitaji maabara. Katika maji yaliyokolezwa chumvi sana, kaharabu huelea, ilhali plastiki nyingi ngumu huzama. Ukiitonesha sandarusi spiriti, uso wake hunata kidoleni. Kaharabu ya kweli, ile ya Bahari ya Baltiki, haitikisiki. Nimewafanyia wenzangu majaribio haya mezani. Wapo waliocheka wakaendelea na yao, wapo waliobadilisha majina ya bidhaa zao siku hiyo hiyo, na hao nawaheshimu.

Kuna vitu ambavyo kwangu havina mjadala. Kasa ng'amba ni marufuku, na mkataba wa CITES umefunga biashara ya kimataifa ya magamba yake, ingawa magamba hayo yaliuzwa pwani hii tangu enzi za mabaharia wa Kigiriki walioandika habari za Azania. Pembe ya ndovu ni marufuku pia. Kenya iliteketeza tani 105 za pembe mwezi wa Aprili 2016 ili dunia ielewe. Na shanga zinazookotwa kwenye magofu, yakiwemo ya Vumba Kuu, mji wa watawala walioitwa madiwani ulioko upande wetu huu, ziachwe zilipo. Ushanga ukitoka mahali pake umepoteza kila ulichokuwa ukijua.

Lakini wenzangu wengi hawajafikiria jambo moja la kisheria. Sheria ya Makavazi na Turathi ya Kitaifa ya mwaka 2006 inakihesabu kitu kilichotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya 1895 kuwa kitu cha kale, na kukitoa nje ya nchi kunahitaji kibali. Anayemwambia mgeni kwamba bangili hii ina miaka 200 anamwambia kwamba kisheria hawezi kupanda nayo ndege hivi hivi. Bangili ilitengenezwa mwezi uliopita! Tunawatia watu hofu ya uwanja wa ndege kwa sababu ya uongo ambao hata hatukuuhitaji.

Najua nitakachojibiwa: mgeni anataka hadithi, na ukweli unashusha bei. Duka moja la ufukweni liliwahi kuniambia niondoe vikaratasi vyangu, kwa sababu neno "kipya" linaharibu mauzo. Nikaondoa vikaratasi pamoja na mapambo yake, nikatafuta pengine pa kuuzia. Kazuri wa Nairobi wanafinyanga shanga za udongo tangu 1975, zote mpya, na zinajulikana ng'ambo. Wanawake wa Fumba kule Unguja wanafuga chaza wa lulu na kufanya mapambo ya lulu na ganda lake. Hakuna anayeona haja ya kuzizeesha. Upya ukiwa na jina na mahali unauzika.

Na upya wetu una kazi ndani yake. Ushanga wa kifuu hukatwa kwa msumeno mdogo, ukabanwa kwenye jiriwa, ukatobolewa kwa keekee, ukaviringwa kwa tupa, ukapigwa msasa wa kwanza na wa pili, kisha ukasuguliwa kwa mafuta ya nazi hadi ukawa mweusi wa kung'aa. Shanga za kidani kimoja hula kutwa nzima, na vumbi lake huingia puani usipojifunga kitambaa. Nikisema kidani hicho ni cha kale, nimemnyang'anya mteja nafasi ya kunilipa kwa kutwa yangu, kwa sababu nimekana kwamba nilikifanya.

Lililo zito zaidi moyoni mwangu ni fedha ya majumbani. Kekee, vikuku, mitali, vidani vya mama zetu vinaondoka kimoja kimoja. Wanunuzi hupita na mizani, huweka kekee yenye nakshi ya mkono upande mmoja, hutaja bei ya gramu, basi. Simlaumu mwanamke anayeuza. Pambo lake ni mali yake, halina mkono wa mume wala wa ndugu ndani yake. Alipewa ili siku ya shida limfae, na karo ya sekondari ni shida ya kweli. Ninachoomba ni kwamba kabla ya mizani kifanyike kitu kimoja: pambo lipigwe picha mbele na nyuma, iandikwe lilikuwa la nani, lilivaliwa harusi gani, na sonara alikuwa nani kama anakumbukwa. Simu ziko mikononi. Likishayeyushwa, nakshi ile haitarudi, na mafundi vijana wa Vanga hawatakuwa na cha kuiga isipokuwa picha za mitandaoni kutoka kwingine.

Mimi nikinunua kipande kama hicho sikiyeyushi. Kikuku kilichovunjika nakitia kipande kipya mahali palipokatika, nalehemu kwa ndani, na kwenye kikaratasi naeleza wazi ni sehemu gani yangu na ipi ya sonara wa zamani. Mwenye kuuza akikubali naandika na ukoo kilikotoka. Asipokubali naandika Vanga tu.

Serikali ya Kaunti ya Kwale ina la kufanya, na sheria ya kufanyia ipo. Sheria ya Kulinda Maarifa ya Jadi na Sanaa za Kitamaduni ya mwaka 2016 inazitaka kaunti ziwe na rejista ya maarifa hayo. Naomba nakshi za kekee, ufumaji wa shanga za Kidigo na kazi ya kifuu ziingizwe humo, kwa kuwauliza wanawake wenyewe, Vanga, Wasini, Gazi na Msambweni, wala si kwa kuitisha mkutano mmoja hotelini. Makavazi ya Kitaifa, ambayo yana wataalamu pale Fort Jesus, yalete watu wao Vanga kila mwaka wakae msikitini au shuleni, wananchi walete masanduku yao, vitu vitazamwe na kupigwa picha bila kuchukuliwa. Mpaka sasa mwenye pambo la nyanyake hapa, akitaka kujua ni nini, mtu pekee anayemjia ni yule wa mizani.

Nazo hoteli za Diani zinazotupa nafasi ya kutandika bidhaa kwenye baraza zao, ziweke sharti moja kwa kila fundi, mimi nikiwa wa kwanza: hakuna pambo mezani bila kikaratasi chenye jina la aliyelifanya, mahali lilipofanyiwa, kipi ndani yake ni cha zamani na kipi ni kipya. Kuandika hakumgharimu mtu zaidi ya kalamu. Asiyejua kusoma na kuandika, tutamwandikia. Mimi niko tayari kuanza na wenzangu wa Vanga kabla ya msimu wa Desemba.