Wacheni kutamani pesa ya Komoro

Kila shilingi ikiyumba, kuna msee lazima atokee na lile suluhisho lake moja: "Si tuifunge tu kwa dola tumalizane?" Januari 2024 dola ilipopita shilingi 160, hiyo hoja ilikuwa kila mahali. Na mfano wanaopenda kutoa ni majirani wetu wa Komoro, ati kwao euro moja ni faranga 491.96775, iwe jua iwe mvua, tangu euro ianze 1999. Ni kweli, hata hizo desimali hazisongi. Lakini manze, hakuna anayeuliza hiyo kamba imefungwa wapi.

Komoro ilipata uhuru tarehe 6 Julai 1975. Visiwa vitatu: Ngazidja, Nzwani na Mwali. Cha nne, Maore, ambacho Wafaransa wanakiita Mayotte, kilibaki kwa Ufaransa na leo kinatumia euro yenyewe. Miaka ya mkoloni, noti zilizozunguka hapo zilikuwa za Benki ya Madagaska na Komoro, zimegongwa tu neno COMORES juu yake. Sasa nchi ni mpya, bendera mpya. Pesa je? Mwaka wa 1979 serikali ikatia sahihi mkataba na Paris: faranga ya Komoro itabaki imefungwa kwa faranga ya Ufaransa, 50 kwa 1, na Hazina ya Ufaransa itakuwa mdhamini. Bei ya huo udhamini ni kwamba sehemu kubwa ya akiba ya pesa za kigeni za Komoro inawekwa kwa akaunti ya hiyo Hazina. Pia Ufaransa ina watu wake ndani ya bodi ya benki kuu ya Komoro.

Soma hapo tena. Bodi ya benki kuu. Hebu fikiria London ikiwa na viti kwa bodi ya benki yetu kuu, pale Haile Selassie Avenue, halafu mtu akuambie huo ni ushirikiano.

Na sisi tushapitia hiyo, ni vile tu shuleni waliipita haraka. Kuanzia 1919 pesa yetu ilitolewa na Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, na ofisi yake ilikuwa London. Shilingi 20 zilikuwa pauni moja, na akiba ilikaa huko huko kwa Mwingereza. Shilingi ya Kenya yenyewe ilikuja 1966. Waliotoa nchi huko walijua wanachokimbia.

Sasa tuongee Januari 1994, maana hapa ndio ile sifa ya "imara" inaanguka. Wakuu wa nchi zinazotumia faranga ya CFA walikutana Dakar, Komoro nayo ikiwa mezani, baada ya Paris na IMF kusukuma vya kutosha. CFA ikatoka hapo na nusu ya thamani yake. Faranga ya Komoro ilishushwa kidogo kuliko hiyo: kutoka 50 hadi 75 kwa faranga moja ya Ufaransa. Piga hesabu. Mchele wa kutoka ng'ambo wa faranga 100 za Ufaransa ulikuwa 5,000 jana, leo ni 7,500. Na Komoro inakula mchele wa kutoka ng'ambo, bana. Mama wa Moroni hakuwa amekosea mtu. Kamba ilikuwa haikatiki mpaka aliyeishika alipoamua.

Najua mtaniletea Madagaska. Walitoka kwa faranga 1973, na leo dola moja ni maelfu ya ariary. Sawa, hiyo ni hoja na siikimbii. Kijana aliye Marseille akituma euro 100 nyumbani, anajua mamake atapata karibu 49,200, wiki hii na mwaka ujao. Kwa nchi inayoshikiliwa na pesa za walio nje, hicho si kitu kidogo. Ningekuwa huyo mama, hata mimi ningeipenda.

Lakini kuna mkulima wa karafuu, vanila na langilangi. Soko la dunia likimlipa kwa dola, euro ikipanda kwa sababu ya mambo ya Ujerumani na Frankfurt, faranga yake inapanda nayo, na dola zile zile zinamletea faranga chache. Mwenzake wa Madagaska hana hiyo shida. Hakuna mtu Moroni anayeweza kumsaidia hapo, maana bei haiko mikononi mwao.

Desemba 2019 Macron na Ouattara walitangaza Abidjan kwamba zile nchi nane za Afrika Magharibi hazitalazimika tena kuweka akiba yao Ufaransa. Komoro haikuwa kwa hiyo orodha. Noti yao ya 1,000 ina picha ya gombessa, yule samaki ambaye wanasayansi walidhani aliisha zamani za dinosau. Samaki ni wao, lakini noti inachapishwa na Benki ya Ufaransa.

Shilingi yetu nayo ilirudi 130 na kitu miezi michache tu baada ya ile Januari, bila kamba. Kwa hivyo wewe unayetaka tuifunge: kushikilia bei moja kunataka rundo la dola la kuitetea kila siku. Komoro waliazima bega la Ufaransa. Sisi tutaazima la nani, na atataka viti vingapi kwa bodi?